Jinsi nilivyolielewa neno "but" lisilo "lakini"

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja tu kuhusu neno la Kiingereza "but": ni "lakini". Ndivyo nilivyofundishwa, na kila niliyemuuliza baadaye aliniambia nisijisumbue na neno dogo kama hilo, nikahifadhi magumu. Ushauri huo bado unaniudhi, kwa sababu neno hilo dogo ndilo linaloweza kupindua sentensi nzima.

Nilikuwa nimepewa barua ya kutafsiri, ukurasa mmoja na nusu, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "The repairs are all but complete." Niliikodolea macho kwa muda mrefu. "All" ni yote, "but" ni lakini, "complete" ni kamili, nikaamua kwamba mwandishi aliruka maneno kwa haraka, nikamjazia: "Matengenezo yote yamefanyika, lakini hayajakamilika." Nilipoirudia nikaona haikai sawa, maana yakiwa yamefanyika yote, yanawezaje kuwa hayajakamilika? Nikajaribu kuweka "isipokuwa": "Yote yamefanyika isipokuwa kukamilika." Hapo nilikuwa nimeligusa jibu bila kujua, kwani nilifuta, nikarudisha ile ya kwanza na kuipeleka. Karatasi ilirudi ikiwa na duara la wino mwekundu kuzunguka "lakini", na pembeni neno moja: "karibu". Matengenezo yalikuwa yanakaribia kukamilika, nami nilikuwa nimemwambia msomaji kitu kingine kabisa.

Kilichonifungua macho ni kamusi inayoeleza asili ya maneno. "But" limetokana na neno la Kiingereza cha Kale, "butan", lililomaanisha "nje ya" au "bila". Kumbe maana ya kutenga ni ya tangu zamani! Papo hapo nikaikumbuka "ila" yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, ambayo nayo hubeba mizigo yote miwili: twasema "wamekuja wote ila mmoja", na twasema pia "nilikwenda ila sikumkuta". Laiti mwalimu wangu angetaja "ila" badala ya "lakini", ningeokoa jioni nyingi.

Tangu hapo, nikikutana na "but" ninayoitilia shaka, kwanza natazama jirani yake wa kushoto. Akiwa "all", "every", "any", "no" au neno lililoundwa kwa hayo, kama "nobody" na "everything", najaribu "ila". "Nobody but the owner knows" ni "Hakuna ajuaye ila mwenyewe." "Nothing but water" ni hakuna kitu ila maji, yaani maji tu. "Anything but easy" ni chochote kile ila rahisi, kwa hiyo si rahisi hata kidogo. Hata "the last but one" hukubali: ni wa mwisho ukimtoa mmoja, yaani wa pili kutoka mwisho.

"All but" inataka uangalifu zaidi. Ikifuatwa na idadi, kama "all but two", wametengwa wawili na hesabu imekwisha. Ikifuatwa na sifa au kitenzi, kama katika barua yangu, kilichotengwa ni ile hatua ya mwisho yenyewe, ndiyo maana tunasema "karibu". Na "except" (isipokuwa) haiwezi kuchukua nafasi ya "but" hapo, ingawa baada ya "nobody" hubadilishana nayo bila shida. "But for" nayo ni "kama si": "But for the rain, we would have arrived" ni "Kama si mvua, tungalifika."

Barua iliyofuata ilikuwa na sentensi "The road is anything but safe." Niliandika "Barabara hiyo si salama hata kidogo", nikaipeleka bila kufuta neno, na safari hii karatasi haikurudi.