Ile ya Yule Mwenye Paka

"Kwani mie nimekuuliza maana?"

Leo siku ya sita, na neno hilo la Shangazi halijanitoka. Hakufoka. Hata kichwa hakukiinua. Alikuwa na kofia yake ya viua mkononi, anazungusha uzi kwenye tundu, akalisema kwa sauti ile ile anayoniambia nisimzibie mwanga. Angekasirika ningelala vizuri.

Ilikuwa Alhamisi baada ya magharibi, pale uani. Nimeweka spika juu ya kinu, nasikiliza Tapestry, albamu ya mwimbaji Carole King, kwa mara sijui ya ngapi wiki hiyo. (Ilikuja kwenye flashi ya kaka wa Muheza pamoja na mafaili ya shule, wala mwenyewe hakujua kama imo.) Shangazi akauliza, "Huyu nani?" Nikamjibu, "Mmarekani huyo, Shangazi. Utachoka bure, Kiingereza kitupu, hutaelewa." Ndipo akasema vile. Akamaliza tundu moja zima, akaongeza: "Sinema za Kihindi nimezililia mpaka kanga ikalowa. Nani alinifasiria?"

Sikuwa na jibu. Nikapunguza sauti ya spika, nikamsikia anaguna.

Hutaelewa! Namwambia hivyo mtu aliyenilea kwa nyimbo za vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, hapa hapa Ngamiani, Tanga, aliyenionyesha kuwa fumbo la taarabu haliko kwenye maneno peke yake, liko pale mwimbaji anapovuta pumzi. Na hicho Kiingereza nimekisomea kwa ada iliyotoka kwenye kofia zile zile. Wiki hii binamu ameposwa, mkuu wa shule amepata uhamisho, madaftari ya Kidato cha Pili yamejaa mezani. Nikiweka kichwa kwenye mto, nasikia guno lile.

Na albamu yenyewe inastahili kusikilizwa na kila mtu mwenye masikio, ndiyo maana naona vibaya zaidi. Ilitoka Februari 1971, nyimbo 12, zote pamoja hazifiki dakika 45. Piano iko mbele, ngoma na gitaa zinaifuata bila kuisukuma. Sauti yake ina mkwaruzo, akipanda juu inakaribia kukatika, nao waliomrekodi wakaiacha hivyo hivyo. Unamsikia kama mtu anayeongea nawe kutoka chumba cha pili huku mikono ina kazi. Kabla ya hapo alikuwa amekaa takriban miaka 10 akitunga nyimbo za kuimbwa na wengine.

Upo mmoja siwezi kuupita, Will You Love Me Tomorrow. Muziki wake aliutunga akiwa na miaka 18, maneno ya mumewe wa wakati huo, Gerry Goffin. Wakauimba wasichana wa The Shirelles, ukashika namba moja Marekani mwaka 1961. Kwenye Tapestry anauimba mwenyewe, ndoa ile imeshavunjika, polepole, James Taylor na Joni Mitchell wakimwitikia kwa nyuma. Swali ni lile lile: je, na kesho utanipenda? Wale wasichana wanauliza wakiwa na tumaini. Yeye anauliza kama mtu aliyekwisha kuiona hiyo kesho.

Basi jana. Natoka shule, nimebeba machungwa, hata sijavua viatu, Shangazi ananiita: "Mwanangu, hebu weka ile ya yule mwenye paka."

Moyo wangu, nyie! Kumbe siku ile aliiona picha ya jalada kwenye simu. Carole King amekaa dirishani, miguu peku, suruali ya jinzi, paka kakaa mbele yake. Nikampa simu. Akaikuza kwa vidole viwili, nikadhani anautafuta uso, kumbe anatafuta mapajani, palipo na kitambaa. Akakisogeza karibu na miwani.

"Kashona mwenyewe hiki?"

"Kwa mkono wake, Shangazi. Na jina la albamu ndilo hilo, kitambaa cha kutarizi picha."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana hana haraka."

Tukaisikiliza yote, yeye na kofia yake, mimi na kalamu nyekundu. Ulipofika ule wimbo nilioutaja, sindano ilisimama. Nilijizuia nisimwambie unasema nini. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kiua kilichokwisha kushonwa, anakipapasa kwenda na kurudi, uzi umening'inia. Ulipokwisha akasema, "Huo urudie." Nikaurudia. Akasema tena. Mara tatu, mpaka adhana ya magharibi, nikazima.

Radhi bado sijamwomba. Jana usiku nilisimama mlangoni kwake nikiwa na maneno tayari, nikamkuta amekwisha kulala, na kofia iko juu ya kiti, imebaki safu mbili. Leo nitajaribu tena.

Halafu ule mnazi wa nyuma umezidi kuinama kwa jirani, upande wa jikoni kwake kabisa. Mkwezi aliahidi Jumapili, hajatokea, na simu hapokei. Usiku upepo ulivuma kutoka baharini, nazi moja ikaanguka karibu na mtungi wao. Yule mtoto wao mdogo hucheza pale pale.