Shingo ilitulia kwa rimu tatu za karatasi

Kila niliyemlalamikia shingo alinijibu, "Kaa wima tu." Ushauri huo hausaidii. Kwenye kompyuta mpakato skrini na kibodi ni kitu kimoja: ukiiweka pale mikono inapopata raha, skrini inabaki chini na kichwa kinainama. Mgongo unyooke utakavyo, shingo itakunjika.

Nilianza kwa kuinua mashine peke yake, juu ya rimu tatu za A4. Rimu ya karatasi 500 ina unene wa kama sentimeta 5, hivyo ukingo wa juu wa skrini ukalingana na macho. Shingo ikatulia siku hiyohiyo. Ila kibodi nayo imepanda sentimeta 15! Viwiko vikaning'inia hewani, mabega yakapanda kuelekea masikioni, viganja vikakunjika kwa nyuma. Siku ya tatu maumivu yalikuwa yanachoma kuanzia kidole gumba hadi karibu na kiwiko. Dawa ni kibodi ya pembeni na kipanya, vya waya vinatosha. Nilitoa elfu thelathini na kitu kwa vyote viwili. Vikae mezani, viwiko vikunjwe pembe mraba, na vile viguu vya nyuma ya kibodi uvilaze, maana vikisimama vinakunja kifundo cha mkono.

Kiti kipya sikununua. Niliviringisha taulo la kuogea, nikalifunga mipira ya noti, nikaliweka juu kidogo ya mkanda wa suruali, pale mgongo unapoingia ndani. Likishuka zaidi linakusukuma mbele. Miguu isipofika sakafuni, rimu ya nne iende chini ya nyayo. Na pochi itoke mfuko wa nyuma: inapindisha nyonga na kubana neva iendayo mguuni.

Hata mkao mzuri, ukiung'ang'ania saa tatu, unaumiza. Ndiyo maana chupa kubwa ya maji niliiondoa mezani, nikabaki na kikombe cha mililita 200. Kikiisha sharti uinuke ukajaze, na baadaye maji yenyewe yanakuinua kwenda msalani. Macho nayo yanataka kupumzishwa: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, huku ukipepesa, kwa sababu mbele ya skrini tunapepesa kidogo mno. Mimi natazama mwembe wa jirani.

Vidole vikifa ganzi usiku, au maumivu yakishuka kupita goti, acha rimu na taulo, nenda hospitali.