Siku ya kwanza nilipomkaribisha msindikizaji

Kwa wiki tatu namba ya msindikizaji, mtu anayelipwa ili awape wenye ulemavu mguso na ukaribu wa mwili, ilikaa kwenye simu yangu. Kila usiku naifungua, naitazama, naizima simu. Kama na wewe una namba ya namna hiyo na mkono unakutetemeka, haya nimekuandikia wewe.

Naishi Bremen, Ujerumani, nina miaka 41. Miaka sita iliyopita nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, pingili ya kwanza ya kiuno ikavunjika, na tangu hapo mwendo wangu ni wa kiti cha magurudumu. Mke wangu tuliachana mwaka wa pili. Baada yake walionigusa ni manesi, daktari na mtaalamu wa viungo, tena mara nyingi wakiwa na glavu mikononi. Mtu akiguswa hivyo kwa miaka, anaanza kujiona kama mzigo unaogeuzwa upande huu na ule.

Aliyenifungua macho ni mgonjwa niliyelazwa naye chumba kimoja. Alinionyesha makala kumhusu Nina de Vries, Mholanzi aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hii Ujerumani. Wenyewe wanaiita Sexualbegleitung, kusindikizwa katika mambo ya mwili. Wanaoifanya huwaendea wenye ulemavu, wagonjwa na wazee. Wengine hukumbatia na kupapasa tu, wengine hulala nawe bila nguo, wengine hufika mpaka kwenye tendo lenyewe. Kila mmoja ana mipaka yake na huitaja mapema.

Hofu yangu haikuwa moja. Niliogopa mpira wa mkojo na kovu la mgongoni. Niliogopa mwili kugoma. Nimekulia Tanga, nimesoma chuo cha Kurani, kwa hiyo niliogopa na mengine ambayo huna haja nikueleze. Hayo ya dini nilikaa nayo mwenyewe mpaka nikaamua, na siwezi kumwamulia mwingine.

Lakini swali lililonikosesha usingizi kuliko yote lilimhusu yeye: je, anafanya kwa hiari yake? Hapa sheria ilinisaidia kidogo. Tangu mwaka 2002 Ujerumani inaitambua kazi ya ngono kuwa kazi. Tangu Julai 2017 anayeifanya sharti ajiandikishe na kuhudhuria ushauri wa afya, na kondomu ni amri ya sheria. Mteja anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000. Anayekwenda kwa mtu huku akijua kwamba amelazimishwa, huyo ana kosa la jinai. (Nyumbani Tanzania sheria ni nyingine, nazungumzia huku niliko.) Hata hivyo karatasi haitoshi, tumia na masikio yako. Ukipiga simu akapokea mtu mwingine anayempangia kila kitu, au ukahisi hawezi kukukatalia jambo lolote, kata simu. Mimi nilitulia pale aliponikatalia: niliomba Jumapili, akasema Jumapili ni siku yake na hafanyi kazi.

Nilipompigia nilimwambia mara tu baada ya salamu: ni mara yangu ya kwanza na naogopa. Hilo ndilo jambo lililonisaidia kuliko yote. Nilidhani nitaficha woga wangu, kumbe yeye alikuwa anautaka ili ajue pa kuanzia. Akaniuliza habari ya mpira wa mkojo kwa sauti ileile ambayo mtu anakuuliza chai yako niweke sukari ngapi. Akauliza wapi nina hisia na wapi sina. Kisha akasema, "Nikija tutakunywa chai kwanza. Ukitaka niondoke baada ya chai, nitaondoka na sitakasirika."

Siku yenyewe niliamka mapema. Nikaoga, nikatoa mkojo, nikatandika taulo kitandani. Pesa tulizokubaliana niliziweka kwenye bahasha, nikampa pale pale mlangoni. Fanya hivyo, usiache mpaka mwisho, mambo ya fedha yaishe kabla hamjakaa. Wala usinywe pombe ya kujipa moyo. Utahitaji kujua unachotaka na usichotaka.

Alipoingia hakusimama mbele yangu. Alivuta kigoda, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Tulikunywa chai kama nusu saa. Sikumuuliza jina lake halisi wala anakoishi. Alinipa jina la kazi, likatosha.

Kitandani alikuwa anauliza kwa neno moja tu: "Hapa?" Nikiitikia anaweka mkono, nikinyamaza hauweki. Sikuwahi kujua kwamba pale kiunoni, hisia zinapokomea, ngozi yangu imekuwa kali ajabu. Ni ukanda mwembamba, kama mstari wa maji ufukweni. Kidole chake kilipopita pale nilishtuka, machozi yakanitoka, nikasema basi. Mkono wake ukasimama hewani palepale. Hakuniuliza kwa nini. Akauondoa, akanifunika blanketi mpaka kifuani, akalala pembeni yangu, tukasikiliza mvua ikipiga dirisha.

Baada ya muda nilimwambia aendelee. Mwili haukuitika kwa namna uliyokuwa ukiitika zamani. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Mimi sikuja kuupima." Tukaendelea kukumbatiana mpaka muda wetu ukaisha. Zaidi ya hapo hakikutokea kitu, na nilishiba.

Usije ukadhani atakuwa mchumba wako. Ni mkarimu, na ni mtu aliye kazini. Yote mawili ni kweli na hayagombani. Alipokuwa anavaa aliangalia saa, na sikuumia.

Kabla ya kuondoka alisogeza kiti changu kando ya kitanda, akafunga breki zote mbili bila kuambiwa. Nilipobaki peke yangu nikachukua kioo, nikajikagua mapaja na nyonga kama nifanyavyo kila siku, maana huko siwezi kuhisi nikiumia. Ngozi ilikuwa nzima. Mwezi uliofuata nilimpigia tena, na safari hii sikusubiri usiku.