Maji Yalikopotelea

Mwaka 2009 nilikuwa naendesha Toyota Corolla ya mwaka 1993, ile ambayo wengi tunaiita Corolla mia, yenye injini ya 5A-FE. Nililipenda gari lile. Lilikuwa linawaka kwa mguso mmoja, halili mafuta, na spea zake zilipatikana kila kona ya Morogoro. Shida yake ilikuwa moja: lilikula maji. Najaza rejeta asubuhi, baada ya siku chache nikifungua mfuniko nakuta maji yameshuka. Chini ya gari pakavu. Niliwahi kutandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha, na asubuhi halikuwa na hata alama ya tone.

Mjini halikusumbua. Lilisumbua siku nilipompeleka mama Iringa kwenye msiba wa dada yake. Tulipita Ruaha Mbuyuni vizuri, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori, na katikati ya mlima mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilizima kiyoyozi, nikafungulia hita mpaka mwisho ili ipunguze joto la injini, nikatafuta mahali pa kuegesha. Mama alishuka akakaa kwenye jiwe, kitenge begani, hakulalamika hata kidogo. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye chupa ya akiba. Tukasubiri mpaka injini ikapoa kabisa, kwa sababu mfuniko wa rejeta ya moto ukifunguliwa humwunguza mtu uso. Tulifika Iringa wakati watu wameshatoka makaburini. Mama hakuwahi kumzika dada yake, na hilo liliniuma kuliko gari lenyewe.

Niliporudi Morogoro kila niliyemwuliza alikuwa na jibu lake. Fundi mmoja alitaka tufungue silinda hedi, kile kichwa cha injini, siku hiyo hiyo, akisema gasketi inayoziba kati yake na bloku, yaani mwili wa injini, imekwisha. Mwingine akasema tutoe thamostati tu, gari litapoa. Ushauri huu wa kutoa thamostati umeenea sana kwetu na unaharibu magari. Kile kidude, kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa baridi, hufunguka maji yakifika kama nyuzi 82, na bila hicho injini huchelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta na inalika ndani. Tena kukitoa hakuzibi tundu lolote.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo upande wa Msamvu, chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari linasumbua nini?"

"Linamaliza maji, na sioni yanakokwenda."

Hakugusa spana. Alivuta kigoda akaanza kuniuliza. Je, maji yanapungua nikilitembeza gari au hata likilala? Zulia la abiria lina unyevu? Kioo cha mbele kinaweka ukungu wenye harufu tamu? Moshi wa asubuhi ukoje? Nikamjibu moja moja, naye akawa anatikisa kichwa. Baadaye nilielewa kwamba kila swali lilikuwa linafunga mlango mmoja. Zulia kavu na kioo safi maana yake rejeta ndogo ya hita, iliyofichwa nyuma ya dashibodi, haivuji.

Kisha akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikugeuka kama chai ya maziwa, kama inavyokuwa maji yakiingia ndani yake. Akafungua mfuniko injini ikiwa baridi, akawasha, akainama kutazama mdomo wa rejeta. Hapakuwa na mapovu ya kufululiza, ambayo yangeonyesha gasketi imekwisha. "Hedi iacheni," alisema. Nilishusha pumzi, maana kufungua hedi ya injini ile ni pesa nyingi.

Halafu akanionyesha mfuniko wenyewe. Juu yake pameandikwa 0.9, kiwango cha presha unachohimili. Akanieleza kwamba maji ya injini yanabanwa makusudi, na yakibanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia mpaka karibu 120. Presha ikipata pa kutokea, kinga hiyo inaondoka. Na ukipanda mlima ni mbaya zaidi: kila mita 300 unazopanda, kiwango cha maji kuchemka kinashuka kwa takribani nyuzi moja, huku injini inafanya kazi ngumu na gari linakwenda polepole, upepo hautoshi. Kumbe tundu dogo ambalo Morogoro mjini lilinidai lita moja tu, Kitonga lilinidai safari nzima.

Akaleta pampu ya mkono yenye geji, akaifunga mahali pa mfuniko, akajaza presha. Injini ikiwa baridi mshale ulikaa pale pale. Mimi nilidhani tumeshindwa. Yeye alifurahi. Akapunguza presha, akaacha pampu imefungwa, akawasha gari. Joto lilivyopanda mshale nao ukapanda wenyewe. Ulipokaribia 0.9 akazima, tukasimama tunautazama. Ukaanza kushuka. Akabana mipira miwili ya hita kwa koleo lililofungwa kitambaa, lakini mshale uliendelea kushuka. Tundu lilikuwa upande wa injini, na lilikuwa linafunguka likipata moto.

Giza lilikuwa linaingia, akaniambia niliache gari pale. Kesho yake nilikuta ameshaosha injini na kuikausha. Mkononi ana kopo la poda ya watoto. Akainyunyiza kwenye pampu ya maji, hasa kwenye kile kitundu chake cha chini ambacho hutoa maji sili yake ya kuzuia maji ikichoka, kwenye maungio ya mipira, kwenye ubavu wa bloku, kila mahali palipoweza kufikika. Injini ikawa nyeupe. Tukarudia ya jana, joto na presha.

Pampu ikabaki nyeupe. Mipira mikubwa ya rejeta ikabaki nyeupe. Mzee akaingiza kioo kidogo na tochi nyuma kabisa, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, akakaa kimya muda mrefu. "Njoo uone."

Chini ya throto, mlango wa hewa ya injini, kuna mpira mwembamba, unene wa kidole, unaopitisha maji ya moto ili njia ya hewa ya sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, isisumbuliwe na baridi. Gari lilitengenezewa Japani, kule kuna barafu. Ukingoni mwa kibano chake kulikuwa na mstari uliolowa katikati ya poda, mwembamba kama unywele. Mpira ulikuwa umekauka kwa miaka, na ukipata moto ufa unaachama. Maji yakadondokea bloku ya moto, yakakauka kabla hayajafika ardhini. Ukitazama vizuri kwa kioo, chuma pale kilikuwa na utando mwekundu, rangi ya kulanti ya zamani ya Toyota, yaani ile dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji. Alama ilikuwepo siku zote. Hakuna aliyeinama kuitafuta.

Nilimpigia mama simu pale pale gereji nikamweleza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mpira huo unauzwaje?" Nikamtajia. Akanyamaza.

Mzee alibadilisha mpira huo pamoja na wa pili unaoambatana nao, kwa kuwa umri wao ni mmoja, na vibano vyake. Alikataa nijaze maji ya bomba. Hedi ya aluminiamu na bloku ya chuma zikikutana ndani ya maji matupu huliana, kwa hiyo tukaweka kulanti nusu na maji safi nusu. Akaniambia niegeshe pua ikitazama juu, nifungulie hita, nimwage taratibu mpaka hewa itoke yote, kisha nirudi nikishatembea kidogo akaze vibano tena, kwa kuwa mpira mpya hukaa ukipata joto la kwanza. Nilirudi, akavikaza.