Kwa nini napinga ruzuku ya petroli kwa boti za uvuvi

Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, ikitangaza bei mpya za mafuta na zikawa zimepanda, ombi huwa ni lile lile kwenye fuo zetu za Ziwa Victoria, kuanzia Dunga hadi Usenge: serikali, iwe ya kaunti au ya kitaifa, iwapunguzie wavuvi bei ya petroli. Wanasiasa wanalipenda ombi hili kwa sababu kuliahidi ni rahisi. Mimi nalipinga, na sababu yangu kubwa ni samaki wenyewe.

Chukua hesabu ya safari moja. Bei nilizotumia ni za mfano, kwa hiyo weka za ufuo wako. Sese, yaani boti ya mbao, ya mita 9 yenye mashini ya nguvu farasi 15 inakwenda na kurudi kilomita 40 kutafuta mbuta (sangara), na inakunywa karibu lita 20. Petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni 3,600. Ongeza 1,400 za chambo, barafu na chakula cha vijana wanaovua, gharama inafika 5,000. Mbuta akinunuliwa ufuoni kwa shilingi 300 kilo, boti inahitaji kama kilo 17 kurudisha gharama tu, kabla mtu yeyote hajalipwa. Sasa serikali ibebe shilingi 60 katika kila lita. Mafuta yanashuka hadi 2,400, gharama yote 3,800, na kilo zinazohitajika zinakuwa 13 hivi.

Hizo kilo nne ndizo zinazonisumbua. Bila ruzuku, samaki wakipungua hadi boti inarudi na kilo 14 au 15, baadhi ya wenye boti wanapumzisha mashini na kutafuta riziki kwingine kwa muda, na ziwa linapata nafuu. Ruzuku ikiwepo, safari ya kilo 14 bado inalipa, kwa hiyo boti zinaendelea kutoka mpaka samaki wapungue zaidi. Wakishafika hapo, ombi litarudi: tuongezeeni. Kama idadi ya boti ingekuwa na kikomo kinachofuatwa, madhara yangekuwa madogo. Lakini Ziwa Victoria ni mlango wazi: mwenye pesa za mbao, nyavu na mashini anaingia. Bei ya mafuta ndiyo breki pekee inayoshika kila siku bila afisa wala boti ya doria, na ndiyo hiyo tunayoombwa tuilegeze kwa pesa za umma.

Sheria tunazo, sikatai. Mbuta halali ni wa sentimita 50 hadi 85: chini ya hapo wengi hawajataga hata mara moja, na juu ya hapo ni majike makubwa yenye mayai mengi. Nyavu za monofilamenti (za uzi mmoja wa plastiki) na za kukokota kutoka ufuoni zimepigwa marufuku. Uvuvi wa omena (dagaa) hufungwa Aprili hadi Julai. Lakini safari zikianza kubana, sheria ya kwanza kuvunjwa ni ile ya ukubwa. Macho ya nyavu yanapunguzwa, mbuta wa sentimita 30 wanaishia sokoni kwa sababu kiwanda cha samaki hakiwezi kuwapokea, na boti inayofanya hivyo ndiyo ile ile ambayo bila petroli nafuu ingekuwa imeegeshwa.

Kuna pia suala la umbali. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa lote, nyingine ni ya Uganda na Tanzania. Karibu na kwetu, hasa ndani ya Ghuba ya Winam, samaki wamechoka kuvuliwa. Petroli ikiwa rahisi, boti inawafuata mbali zaidi, na mbali zaidi kwa upande wetu maana yake ni maji ya jirani. Wavuvi wetu wanaokamatwa huko na kunyang'anywa mashini wanajulikana karibu kila ufuo wa Busia, Siaya na Homa Bay. Sioni kwa nini mlipa kodi agharamie safari hiyo.

Moshi nao una hesabu yake. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ya kaboni, kwa hiyo safari yetu ya lita 20 ni kilo 46. Ila kinachonikera zaidi ni mashini za mipigo miwili (two-stroke), ambazo bado ndizo nyingi. Mafuta mapya yanaingia kwenye silinda wakati moshi unatoka, na sehemu yake, hadi robo na wakati mwingine zaidi, hutoka pamoja na moshi bila kuungua. Moshi wa mashini ya boti hutokea chini ya maji. Petroli hiyo na oili yake zinabaki ziwani, na ni ziwa hilo hilo ambalo mtambo wa Dunga unachotea maji yanayosafishwa kwa ajili ya Kisumu.

Wanaotetea ruzuku husema ni ya mvuvi maskini. Angalia basi pesa zinavyogawanywa. Mahali pengi mafuta na chakula hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho hugawanywa, na mwenye boti, nyavu na mashini huchukua fungu kubwa kabla ya vijana. Nafuu ya petroli inapita njia hiyo hiyo. Anayevua kwa kasia au tanga hapati kitu, na bado atashindana na mashini zilizoongezwa nguvu kwa kodi yake. Mama anayekausha omena hapati kitu pia.

Halafu utazuiaje isivuje? Jerikeni ya petroli ya boti na ya bodaboda haina tofauti. Wapo wanaopendekeza iuzwe ikiwa tayari imechanganywa na oili. Ghana imefanya hivyo kwa miaka mingi, ikiuza petroli iliyochanganywa kwa mitumbwi kupitia kamati za ufuoni, na malalamiko ya mafuta kupotelea njiani hayajaisha. Wakati huo huo samaki wadogo wa baharini ambao mitumbwi hiyo inawategemea wamepungua vibaya tangu miaka ya 1990. Ruzuku si sababu pekee, lakini haikuwasaidia samaki hao.

Dunia nzima, makadirio ya mwaka 2018 yaliweka ruzuku za uvuvi kwenye dola bilioni 35.4, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la mafuta. Shirika la Biashara Duniani lilipitisha mkataba wa kuzibana ruzuku za uvuvi Juni 2022, nao ukaanza kufanya kazi Septemba 2025, lakini unahusu bahari tu. Maziwa hayamo. Tukiamua kujiharibia, hakuna wa nje atakayetuzuia.

Mwenye boti anayetaka kupunguza gharama kesho aanzie kwenye mwendo. Boti nzito ya mbao isiyopaa juu ya maji hudai nguvu nyingi mno kila unapoongeza kasi kidogo. Kutoka kilomita 13 kwa saa hadi 11, kwa makadirio, kunaokoa zaidi ya robo ya mafuta ya safari hiyo hiyo: lita 20 zinakuwa 14 na kitu. Unachelewa kama nusu saa katika kilomita 40. Hiyo ni karibu sawa na kupunguziwa shilingi 50 kwa lita, bila kumsubiri mheshimiwa yeyote.

Pili ni oili. Kwa mashini nyingi za mipigo miwili, kipimo ni moja kwa 50, yaani mililita 400 kwa jerikeni ya lita 20. Ukimimina chupa nzima ya soda ya nusu lita umefika moja kwa 40: plagi inakuwa nyeusi na kulowa, mashini inagoma kuwaka asubuhi. Ukipunja, pistoni inachubuka na mwishowe inakwama. Tia petroli nusu jerikeni, mimina oili, tikisa vizuri, kisha jaza. Tatu ni propela. Ikigonga mawe na kingo zikapinda, mashini inalia kwa nguvu na boti haiendi. Kipande cha uzi wa nyavu kikijizungusha nyuma yake kinakata sili, ile mpira ya kuzuia maji, na maji yanaingia kwenye oili ya gia, na ukiifungua unaikuta nyeupe kama maziwa. Kwenye gugu maji, tazama mara kwa mara ule mchirizi wa maji unaotoka kwenye mashini. Ukikatika, zima hapo hapo, usafishe matundu ya chini.

Msomaji makini atauliza: kama gharama ikishuka kwa njia hizi, boti hazitaendelea kutoka vile vile? Zitaendelea, kwa kiasi fulani. Kupunguza mwendo kunagharimu muda, na hakumfikishi mtu mbali zaidi, kwa hiyo madhara yake ni madogo kuliko petroli nafuu. Lakini swali ni la haki, na ndiyo maana nasema msaada wowote kwa boti utanguliwe na kikomo cha mashini. BMU, yaani kamati za wavuvi zinazosimamia fuo, ziandikishe mashini kwa namba zake, si boti peke yake, kwa maana boti moja ikibadilishiwa mashini ya 15 ikawekewa ya 40, ziwani ni kama imeongezeka nyingine.

Kaunti ikitaka kutumia pesa, ikopeshe kwa mashini za mipigo minne, ambazo kwa kazi ile ile hunywa pungufu kwa karibu asilimia 30. Ni ghali na mafundi wake bado ni wachache, kwa hiyo mkopo uambatane na vipuri na mafunzo. Na sharti moja lisilegezwe: mashini ya zamani irudishwe na bloku yake ivunjwe mbele ya BMU. Ikiachwa iuzwe, wiki ijayo iko kwenye boti nyingine.