Jani la soseji

Baba yangu alikuwa mpishi wa zamu ya asubuhi kwenye hoteli moja ya ufuoni Nyali, miaka ya themanini mpaka tisini na kitu, na shati lake likirudi nyumbani saa nane mchana lilikuwa na harufu ambayo sisi watoto tuliijua kabla hata hajafika mlangoni. Haikuwa harufu ya kitunguu wala mafuta tu. Ilikuwa kama jani limeungulia kwenye siagi, halafu pilipili manga, halafu kitu kitamu kwa mbali. Siku zake za ofu, sio zote, alikuwa anatutengenezea soseji mwenyewe kwa nyama ya ng'ombe, zile za kula na yai na mkate wa kuchoma, za kizungu haswa kama alivofundishwa hotelini, na mimi nikakua nikidhani kila nyumba Mombasa inakula hivo.

Naanza na hayo sababu tulipohamia Maskati mwaka 2016, mimi na mume wangu na kijana wetu wa miaka saba, chakula hakikutupa shida hata kidogo, manake Maskati na Mombasa ni ndugu, wali upo, samaki yupo, mishikaki wenyewe wanaiita mishkak, halwa ndo kwao. Ni asubuhi tu. Kijana alikuwa anakaa mezani anatizama sahani, ananiuliza mama zile soseji za babu haziko huku?

Kuko soseji nyingi tu. Friza za supamaketi zimejaa, za kuku, za ng'ombe, za makopo, ndefu fupi, tumenunua karibu zote ile miezi ya kwanza. Lakini nyingi ya hizo ni zile nyama imesagwa ikawa uji, ikapikwa huko huko kiwandani na kuvutishwa moshi, wewe kazi yako ni kupasha moto tu, ukiikata ndani ni laini rangi ya waridi mwanzo mwisho. Hizo za kutia kwenye bani na kechapu, na kwa kazi hiyo ziko sawa. Soseji ya brekfasti ni kitu kingine kabisa. Ile ni nyama mbichi, imesagwa bado ina chembe chembe unaziona, inaingia kwenye kikaango mbichi na inaivia pale pale taratibu mpaka ngozi inakuwa kahawia, ukiikata mchuzi wake unatoka na ile harufu ya jani inakuja juu. Ukiwa umelelewa nayo hudanganyiki.

Nikamtumia baba ujumbe kwamba nataka kutengeneza. Wakati ule Oman simu za WhatsApp zilikuwa hazipiti, ila voisi zilikuwa zinaenda vizuri, basi baba akawa ananitumia voisi za dakika tatu tatu, nyuma yake nasikia kunguru wa Kisauni na watu wanapita na pikipiki. Ya kwanza alianza hivi, naikumbuka neno kwa neno: "Mama, sikiliza. Usiniulize viungo kwanza. Soseji ni baridi."

Mimi nikawa na haraka na viungo. Akanipa. Kwa kila kilo ya nyama chumvi gramu 16, tena pima usikadirie, pilipili manga nyeupe gramu tatu, kungumanga kidogo ya kukwaruza, basibasi, lile ganda la kungumanga, kwa ncha ya kisu, mkate uliokaushwa ukasagwa gramu 70 hivi, maji ya barafu. Na seji, lile jani wazungu wanaloliita sage, gramu mbili. Bila seji, akasema, hapo umetengeneza kababu nzuri tu. Kuhusu mkate alinieleza kwa kirefu sababu watu wanaona ni ujanja wa kuongeza uzito, kumbe ule mkate ndo unaoshika maji ya nyama yasikimbilie kwenye kikaango, na yule shefu wao Muingereza alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo.

Nyama, kungumanga na basibasi hazikunisumbua, hizo ni za Unguja na Maskati zimejaa tele. Jani ndo likanitesa. Nilizunguka soko la Mutrah Alhamisi mbili nzima nikiuliza seji, kila duka wananionyesha kitu, zaatari ya milimani, iklili, majani ya bay (bay leaf), ndimu kavu nyeusi, mmoja akanifungulia gunia zima la maua ya hibiskasi. Watu wakarimu, kila mmoja anataka kunisaidia, ila neno langu halikuwa neno lao. Mwisho nikasema basi, natengeneza bila jani.

Hiyo ilikuwa Agosti. Nje joto linapita 40, jikoni AC ilikuwa haifiki vizuri. Nilinunua nyama ya kusaga kwenye bucha, nikaomba na shahamu, jamaa akanipa ile ya figo, nyeupe ngumu kama mshumaa, nikaikatakata nikachanganya yote kwa mikono juu ya meza bila haraka, nikazungusha zungusha kama vidole nikatia kikaangoni. Kwa dakika tano kikaango kikawa bwawa la mafuta na vile vidole vikasinyaa vikawa kama kokoto, ukiuma vinamomonyoka, na kaakaa lote limeganda utando wa mafuta. Kijana alikula kimoja kwa heshima. Nilikaa chini pale jikoni nikalia, si kwa ajili ya nyama, nlikuwa nimechoka na ugeni.

Baba alipoona picha wala hakunilaumu. Voisi yake ilikuwa fupi. "Shahamu ililainika ikapakana mkononi kabla haijaona moto. Nlikwambia baridi." Halafu akanieleza sasa, na safari hii nikasikiliza: nyama ikatwe vipande ikae friza mpaka kingo zianze kuwa ngumu, mashine nayo iwekwe friza na kisu chake, bakuli likae juu ya barafu, na shahamu itoke kwenye kidari, sio figo. Usage mara moja. Ukishatia chumvi kanda kama unga mpaka nyama inate, ukigeuza kiganja chini isidondoke. Chumvi ndo inayoifanya nyama ishikane, na haishikani ikiwa imepata joto.

Jani nalo likaja lenyewe. Mwisho wa Agosti walimu tulirudi shule kabla ya wanafunzi, kupanga madarasa, na mwenzangu mmoja Mpalestina aliyekulia Amman alikuja na chupa ya chai. Akanimiminia. Nilipoinua kikombe tu nikanyamaza, manake iliyopanda kwenye mvuke ilikuwa shati la baba. Sio inafanana, ni yenyewe. Nikamuuliza umetia nini humu, akasema maramia, kwao wanatia kwenye chai ukiumwa tumbo na hata bila kuumwa, akatoa na kipakiti kwenye mkoba, majani ya kijivujivu yenye vinyoya laini kama sikio la mbuzi mchanga. Nikalisugua moja kwa vidole. Machozi yakanitoka mbele yake na nikawa namwambia soseji, soseji, yeye haelewi anadhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Kumbe maduka yote yale ya Mutrah yanayouza majani ya chai nlikuwa nimepita mbele ya maramia sijui mara ngapi. Baba aliposikia aliniambia tu nionje kwanza, na kweli, ile inayouzwa kwa chai ni binamu ya seji ya wazungu, ina ukali kidogo unaelekea kwenye kafuri, kwa hiyo nikapunguza badala ya gramu mbili nikatia moja na nusu.

Ilibaki mashine. Nyumba ya chini yetu alikuwa anakaa bibi mmoja Muomani aliyezaliwa Unguja. Walikimbia baada ya mapinduzi ya 1964 na akaja Maskati miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipokwisha kushika nchi na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi. Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe kimehifadhika kama nguo ya sandukuni. Nikimwamkia shikamoo bibi ananijibu marahaba mwanangu, na siku yake inakuwa nzuri, aliniambia wajukuu wake wanamwamkia kwa Kiarabu tu. Nilipomweleza shida yangu akasema, "Mashine n'nayo, ya kukaza mezani, tukisagia nyama ya sambusa tangu mama yangu yu hai. Lakini ngoja Idi mwanangu, wacha ununuzi. Nyama itakuja yenyewe."

Idi kubwa mwaka ule ilikuwa Jumatatu tarehe 12 Septemba. Watoto wake wa kiume walichinja ng'ombe kwa shirika na kondoo wawili wao wenyewe, na desturi ya kule siku ya kwanza wanapika wali uliopondwa na nyama, siku ya pili mishkak, na nyama ya shuwa imeshafukiwa shimoni na mkaa na viungo inangoja. Mimi nikaletewa fungu la kidari na shahamu yake na, juu ya sinia, utumbo mwembamba wa kondoo mzima. Bibi alisema kama ni soseji basi iwe na nguo.

Sikuwahi kusafisha utumbo kwa kazi hiyo, baba alikuwa ananunua umeshatengenezwa, umetiwa chumvi. Bibi alikaa kwenye stuli akaniongoza. Tukaosha, tukageuza ndani nje, tukasugua na chumvi na siki na ndimu mara nne tano, halafu nikaulaza juu ya ubao nikaupara kwa mgongo wa kisu, taratibu, kuanzia huku kwenda kule, na kila ukipara unatoka ute wa kijivu mpaka unafika mahali hakitoki kitu tena na kilichobaki ni kama plastiki nyembamba, unaona kidole chako upande wa pili. Nikaingiza mdomo wa bomba nikafungulia maji kidogo. Ukajaa, ukasimama, ukawa kama nyoka wa kioo ndani ya sinki, na pale penye tundu maji yanaruka nje mshipa mwembamba, unakata hapo unaanza upya. Kijana wangu alisimama juu ya kiti anatizama hakusema neno. Nadhani dakika zile ni miongoni mwa nzuri kabisa nilizopata katika nchi ile.

Usiku wa siku ya pili ndo tukasaga. Nlikuwa nimefunga madirisha, AC ya ukumbini nimeishusha mpaka mwisho na mlango wa jikoni wazi, nyama imetoka friza ina sauti ya barafu ukiigonga, mashine ya bibi imeganda mpaka ukiishika inang'ang'ania ngozi. Kilo moja na nusu ya nyama nyekundu na nusu kilo ya shahamu. Ilitoka kwenye yale matundu nyuzi nyuzi, nyekundu na nyeupe kila moja peke yake, haijapakana, na hapo hapo nkajua. Nikatia viungo na mkate na maji ya barafu nikakanda mpaka vidole vinauma kwa baridi, nikageuza kiganja. Haikudondoka. Kujaza tulitumia faneli mpya, utumbo umevutwa kwenye mdomo wake wote, mume wangu anashika, mimi nasukuma kwa dole gumba, na bibi anapokea upande wa chini ananiambia usijaze sana itapasuka. Kisha unabana unasokota, moja unasokotea mbele inayofuata nyuma, zisifunguke. Zikalala frijini usiku kucha bila kufunikwa ili ngozi ikauke na jani liingie.

Asubuhi ya siku ya tatu watu wa chini wanafungua shuwa yao, uwanja wote unanukia, na sisi juu tumesimama mbele ya kikaango watu wanne pamoja na bibi, aliyepandishwa kwa lifti kuja kushuhudia. Nikazipanga tano. Ile harufu ilichukua kama dakika tatu kutoka, kwanza siagi, halafu pilipili, halafu ikaja yenyewe, jani. Kijana akasema babu.

Nikachukua simu nikarekodi zile soseji zinavyolia kwenye kikaango, sekunde ishirini bila kusema kitu, nikamtumia baba Mombasa. Alama mbili zikawa bluu. Ikakaa. Halafu voisi yake ikaingia, nikaiweka kwa sauti kila mtu asikie, na kunguru wake nyuma.

"Punguza moto mama. Nasikia ni mkubwa."

Nikapunguza.