Umesoma Sana Wewe

"Umesoma sana wewe." Ndivyo alivyonijibu baba mdogo Jumapili, mbele za watu, huku anamenya chungwa. Mock imeisha, dada kajifungua salama mtoto wa kiume, alhamdulillahi, lakini mimi bado niko barazani pale.

Ni yaleyale ya pesa anazotuma kaka kutoka Maskati. Baba mdogo anataka zipitie kwake. "Pesa ya watoto hupitia kwa mwenye mji, mwanangu." Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, "Na uji wao anaupika nani, baba?" Akafyonza kipande, akatema kokwa, ndipo akanipa hilo la usomi. Watu wakacheka. Wifi akainamia mchele wake, anachambua.

Na kweli nilikuwa nimetoka kusoma! Eleanor Rathbone, yule mama wa Liverpool aliyepigania kura ya wanawake, akaingia bungeni mwaka 1929. Vita vya kwanza vilipopiganwa alisimamia posho za wake wa askari, akaona pesa inavyofanya kazi ikimfikia mama mwenyewe. Akadai posho ya watoto miaka na miaka. Mswada ukaja 1945, na umeandikwaje? Alipwe baba! Akasema heri aupinge yeye mwenyewe kuliko kuukubali hivyo. Wabunge wakaachwa wapige kura kwa hiari yao, na mama akaandikwa. Shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto, kuanzia wa pili. (Sisi vifungua mimba hatukuhesabiwa, hilo nalo nina neno nalo.)

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu ofisini kwa walimu. Kumbe Bunge la Uingereza nalo lilikuwa na akina baba mdogo! Halafu nikafunua ukurasa: alifariki Januari 1946, malipo yakaanza Agosti. Kicheko kikaniishia palepale.

Jana usiku wifi kaniandikia: "Kaka yako katuma. Kwangu." Baba mdogo hajaambiwa, na mimi sitakuwa wa kumwambia. Madaftari ya watoto yamenunuliwa, na viatu vya yule mkubwa.

Ila tangi letu limepata ufa chini kabisa, fundi hapokei simu, na maji ya bomba wanasema hayatoki hadi Ijumaa.